Kabla Hujapokea Kikombe cha Kaktasi

Mwaliko wa namna hii humfikia mtu bila yeye kuutafuta. Yuko masomoni Amsterdam, mwenzake anamwambia kuna duka linauza vipande vya kaktasi hadharani, wavichemshe Jumamosi. Au amejiunga na kundi la watalii wanaokwenda Peru, na kwenye ratiba, baada ya Machu Picchu, imeandikwa siku nzima ya kunywa San Pedro pamoja na mganga wa Andes. Mwingine hajatoka Nairobi wala Dar es Salaam, ila amesoma kwamba huko Amerika kuna dungusi kakati linaloondoa sonona na kumwachisha mtu pombe, naye amechoka na vidonge, anauliza linapatikana wapi. Nawaandikia wote hao, pamoja na mama au kaka atakayepigiwa simu usiku mambo yakiharibika.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asiutafute. Peyote tuwaachie wenyewe. San Pedro si kinywaji cha kujaribia mwisho wa wiki. Na mwenye ugonjwa wa moyo, presha, mimba, au aliye na historia ya kuchanganyikiwa akili, yake mwenyewe au ya ukoo wake, akatae hata kama anayemkaribisha ni mtu mwema na mjuzi. Yanayofuata ni sababu zake, na ushauri kwa yule ambaye najua atakwenda tu.

Kaktasi zenye meskalini, yaani ile kemikali inayoleta njozi, ziko kadhaa, lakini mbili ndizo zinazotajwa sana. Peyote ni mmea mdogo mno. Ni kiduara cha kijani kilichofifia kuelekea buluu, hakina miiba, kimejibana usawa wa ardhi chini ya vichaka, na pale ambapo miiba ingeota pana vishungi vidogo vya manyoya meupe. Ukipita kwa haraka hukioni. Kilicho juu ni kichwa tu. Chini kuna mzizi mnene uliozama kwenye mchanga mkavu. Hukua katika jangwa la Chihuahua, kaskazini mwa Mexico, na katika ukanda mwembamba wa kusini mwa Texas karibu na mto Rio Grande, wala si kwingine. Porini huchukua miaka 10 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. San Pedro ni kinyume chake: ni nguzo ndefu ya kijani yenye mbavu, hupita urefu wa nyumba, hukua upesi, na asili yake ni milima ya Andes huko Peru na Ecuador, ambako watu huipanda uani na kuiuza sokoni. Katika hekalu la kale la Chavín de Huántar, Peru, kuna jiwe lililochongwa kiumbe mwenye meno makali na nywele za nyoka, mkononi ameshika kipande cha kaktasi hiyo. Jiwe hilo lina zaidi ya miaka 2,500. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo jipya lililozuka mtandaoni.

Mjerumani Arthur Heffter ndiye aliyekitenga kiini hicho, meskalini, kutoka kwenye peyote mwaka 1897, akakimeza mwenyewe ili ajue kama ndicho kinacholeta njozi. Mwaka 1919 Ernst Späth akafanikiwa kukitengeneza maabara bila mmea. Mei 1953 mwandishi Aldous Huxley alikimeza nyumbani kwake California, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, The Doors of Perception, ndicho kilichowafanya wasomaji wengi wa Magharibi watamani kuonja. Wanaokisoma leo husahau jambo moja: Huxley alimeza kemikali safi iliyopimwa, mchana, na daktari wa magonjwa ya akili, Humphry Osmond, alikuwa pembeni yake. Anayechemsha kaktasi bwenini hana hata kimoja kati ya hivyo.

Basi mtu akinywa hutokea nini? Kwanza ni uchungu usiomezeka kirahisi, unaobaki kooni hata baada ya kusukutua. Kisha, ndani ya saa moja au mbili, tumbo linavuruga. Kichefuchefu, jasho, baridi na joto kwa kupokezana, mikono kutetemeka, na wengi hutapika. Mapigo ya moyo hupanda, presha hupanda, mboni za macho hutanuka hata mwanga wa kawaida ukaumiza. Baada ya hapo ndipo kile kilichomleta mtu huanza: rangi zinakolea, mistari ya ukutani inajikunja na kutembea, ukifumba macho yanapita maumbo yanayojipanga na kujipangua, na wakati unavutika hadi dakika tano zikahisi jioni nzima. Wengine hulia kwa furaha, wengine kwa msiba waliodhani wameshauzika. Mara nyingi mtu haoni vitu ambavyo havipo kabisa, bali vilivyopo vinabadilika sura, na moyoni anajua kwamba ni ile dawa. Akifika mahali pa kutolijua hilo tena, hapo hatari imeanza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni urefu wake. Watafiti wa Basel, Uswisi, waliwapa watu wazima wenye afya meskalini, LSD na kiini cha uyoga wa njozi kwa siku tofauti, wakachapisha matokeo yao mwaka 2023: uyoga ulidumu kwa wastani wa saa 5, LSD saa 8, meskalini saa 11. Ukinywa saa nne asubuhi, saa tatu usiku bado umo. Na ukishameza umemeza. Uwe umepata hofu saa sita mchana, umekumbuka mtoto yuko peke yake nyumbani, au umegundua humpendi wala humwamini aliyekuketisha hapo, itabidi uvumilie mpaka mwili wenyewe uimalize. Watu wengi walioteseka hawakuteswa na njozi mbaya tu. Waliteswa na kutojua kwamba saa zilikuwa bado nyingi.

Vifo vinavyosababishwa na meskalini yenyewe ni nadra, na haimfungi mtu kwa uraibu wa mwili namna heroini inavyofanya. Nalisema waziwazi kwa sababu kijana akidanganywa katika hili, ataacha kusikiliza na mengine. Kinachoua ni yanayouzunguka ulevi wake: mtu ametoka barabarani, ameingia ziwani, amepanda paa, ameshika usukani, amechanganya na pombe au vidonge. Na kwa wachache, akili hairudi pale ilipokuwa. Wapo wanaobaki na hofu isiyo na sababu kwa wiki au miezi. Wapo wanaoendelea kuona michirizi ya mwanga nyuma ya vitu vinavyosogea muda mrefu baada ya dawa kwisha. Na wapo ambao huo ndio unaokuwa mwanzo wa wendawazimu wa kudumu.

Sasa tuwaangalie wale wanaoitumia kwa haki yao, kwa kuwa wao wana mengi ya kutufundisha kuliko maduka ya Ulaya. Watu wa Wixárika, ambao wengi huwajua kwa jina la Huichol, hutoka milima ya magharibi mwa Mexico kwenda Wirikuta, jangwa takatifu lililo katika jimbo la San Luis Potosí. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 500, na mwaka 2025 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Wanaokwenda hujinyima chumvi. Njiani kila mmoja hukiri makosa yake mbele ya wenzake, na kwa kila kosa hufungwa fundo kwenye kamba, kisha kamba ikachomwa moto. Wakifika, peyote haichumwi tu. Huwindwa, mshale ukachomekwa kando ya mmea wa kwanza, kwa sababu kwao peyote, paa na mahindi ni kitu kimoja.

Kaskazini, nchini Marekani, ibada ni nyingine. Katika karne ya 19, makabila yalipokuwa yamenyang'anywa ardhi na kufungiwa katika maeneo maalumu, viongozi kama Quanah Parker wa Wakomanche waliieneza ibada ya peyote miongoni mwa watu waliokuwa wakimalizwa na pombe na majonzi. Mwaka 1918 waumini walisajili Native American Church huko Oklahoma ili ibada yao ilindwe na katiba. Hukaa usiku kucha ndani ya hema, wameketi duara kuuzunguka moto na madhabahu ya udongo yenye umbo la mwezi mwandamo. Ngoma yao ni chungu cha chuma chenye maji ndani, kimewambwa ngozi. Kibuyu cha njuga na fimbo hupita mkono hadi mkono, na kila anayeishika huimba zamu yake. Usiku wa manane huletwa maji. Alfajiri mwanamke huingia na maji tena, akaomba, kisha wote hula mahindi, nyama na matunda pamoja. Ibada haiitishwi bila sababu: kuna mtoto mgonjwa, askari aliyerudi kutoka vitani, mwana aliyeanza kunywa. Kiongozi anamfahamu kila aliyeketi humo, na asubuhi wale wale watakutana dukani na shambani.

Msomaji wa Tanga, Pemba au Lamu aliyewahi kuona ngoma ya kupunga pepo hahitaji maelezo marefu hapa. Kuna fundi aliyefundishwa na fundi, kuna waliopitia hayo kabla, kuna sababu iliyomleta mgonjwa, na kuna watu wasioondoka mpaka atulie. Aliyeiba chetezo akaenda nacho chumbani kwake hajachukua ngoma.

Mwaka 2005 mtafiti John Halpern na wenzake walichapisha uchunguzi wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani: 61 waumini wa Native American Church waliotumia peyote mara nyingi, 36 waliokuwa walevi wa pombe zamani, na 79 wasiotumia vyote viwili. Waumini hawakuonekana kuharibika akili wala kumbukumbu. Matokeo hayo hunukuliwa sana na wauzaji, nao huyanukuu nusu. Waliochunguzwa walikuwa watu waliokulia ndani ya ibada, wasiotumia dawa nyingine za kulevya, walioshikwa na jamii yao. Utafiti haukusema lolote kuhusu mtu mwenye sonona anayekunywa peke yake katika nchi ya ugeni. Kwa upande wa tiba hospitalini, uyoga na LSD vimefanyiwa majaribio mengi zaidi. Meskalini bado iko nyuma sana, na hakuna daktari anayeweza leo kukuandikia kaktasi kwa ajili ya sonona au pombe. Anayekuahidi uponyaji kwa kikombe kimoja anakuuzia.

Niliposema peyote tuwaachie wenyewe, sikuwa natafuta maneno ya adabu. Mmea unakwisha. Unakua polepole, ardhi yake Texas imelimwa, imefugiwa ng'ombe, imepitishwa mabomba na barabara, na wavunaji wasiojua huuchimba pamoja na mzizi. Anayejua hukata kichwa tu, juu ya mzizi, kwa kisu kikali, na baada ya miaka mzizi huchipua vichwa vingine. Akikata chini sana, mmea umekufa. Waumini wenyewe walianzisha mwaka 2017 taasisi iitwayo Indigenous Peyote Conservation Initiative, wakapata ekari 605 kusini mwa Texas ili wauhifadhi na kuuotesha. Baadhi ya miji ya Marekani, Oakland ikiwa ya mwanzo kujumuisha kaktasi mwaka 2019, ilipoanza kulegeza sheria juu ya mimea ya njozi, sauti za waumini hao zilisikika zikiomba peyote iachwe nje. Wapiga kura wa Colorado mwaka 2022 waliiruhusu meskalini kwa matumizi binafsi, lakini si ile ya peyote. Watu waliokatazwa mmea huo na Baraza la Uchunguzi la Kihispania mwaka 1620, wakakatazwa tena na wamisionari, na ambao Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1990 iliwanyima kinga hadi Bunge lilipowapa kwa sheria mwaka 1994, wanaona foleni ya wageni mlangoni kwao. Mgeni mwenye huruma hapangi foleni hiyo.

Hiyo inatuachia San Pedro, ambayo haijafikia hali hiyo na ambayo waganga wa kaskazini mwa Peru, kwa mfano wale wa Huancabamba karibu na maziwa matakatifu ya Huaringas, huwanywesha wagonjwa kutoka nje. Ukiwa na nia ya kwenda, anza na mwili na ukoo wako kabla ya kununua tiketi.

Presha ipimwe, na moyo kama kuna shaka. Vijana wengi Afrika Mashariki wana presha na hawaijui kwa sababu hawajawahi kuvaa kile kitambaa cha mkononi. Mjamzito na anayenyonyesha wasikaribie. Mwenye kifafa asikaribie.

Suala la akili ndilo gumu, kwa kuwa kwetu hufichwa. Skizofrenia na ugonjwa wa hisia mseto huelekea kufuata damu, na dawa za njozi zinaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Fomu ya kituo cha Peru itakuuliza kama kuna mgonjwa wa akili katika familia, nawe utajibu hapana kwa moyo safi, kwa kuwa hakuna aliyekuambia. Ukitaka ukweli, usimwulize bibi au shangazi habari za magonjwa ya akili. Mwulize nani katika ukoo alirogwa akiwa chuoni akaacha masomo. Nani alipandisha mashetani yasiyotoka. Mjomba gani alikuwa akiongea peke yake, au alitoka usiku akapotea siku kadhaa, au alifungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Majibu ya maswali hayo ndiyo historia yako ya afya. Akitajwa hata mmoja, hasa mzazi au ndugu wa tumbo moja, jibu lako kwa kikombe ni hapana. Na wewe ukiwa bado hujafika miaka 25, kumbuka kwamba magonjwa hayo hupenda kujitokeza katika umri huo huo, kwa hiyo kutougua mpaka sasa si ushahidi kwamba huna.

Dawa unazomeza nazo zina uzito wake. Lithiamu ikikutana na dawa za njozi imehusishwa na degedege. Hiyo ni marufuku. Dawa za zamani za sonona za kundi la MAOI ni hatari, tramadoli pia si ya kuchanganya, na mirungi au miraa, ambayo yenyewe hupandisha moyo na presha, usiitafune siku hiyo wala siku za karibu. Baadhi ya vituo humtaka mgeni aache vidonge vya sonona kabla ya kufika. Kuacha ghafla kunaweza kukurudisha shimoni ukiwa mbali na nyumbani, na uamuzi huo ni wa daktari wako, si wa mwenye hoteli. Dawa za presha, kisukari, kifafa au ARV usikatize hata kwa siku moja kwa sababu mwenyeji amesema zinachafua mmea. Mwenyeji anayesema hivyo amekwishakuonyesha kiwango chake cha ujuzi.

Kilichomo kikombeni nacho ni suala. Nguvu ya kaktasi hutofautiana mmea kwa mmea, kwa hiyo anayekwambia kipande cha urefu fulani kinatosha anabahatisha, na ukiongeza kwa kuwa saa moja imepita bila kitu, vikombe viwili vitakufika kwa pamoja. Baya zaidi, huko Peru baadhi ya waganga huchanganya San Pedro na mmea wanaouita misha, maua makubwa yanayoning'inia ya jamii moja na mnanaha wetu. Watu wa pwani wanaujua mnanaha: mdomo unakauka, macho hayaoni karibu, moyo unakimbia, mtu anaongea na waliokufa na kesho hakumbuki. Sumu yake inaua, na ni jambo tofauti kabisa na meskalini. Uliza mapema, kwa mkalimani kama hujui Kihispania: kuna nini zaidi ya San Pedro? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, ondoka.

Unga, kidonge au kikaratasi kinachouzwa mitaani kwa jina la meskalini usikishike. Meskalini halisi ni nadra sokoni, kwa kuwa kiasi kinachohitajika ni kikubwa na hakiwezi kuenea kwenye kikaratasi kidogo. Kilichomo mara nyingi ni kemikali nyingine, zikiwemo zile za kundi la NBOMe ambazo zimeua vijana kwa kiasi kidogo sana. Wala usinywe kinywaji cha kaktasi kilichowekwa na maji kwenye chupa iliyofungwa kwa siku nyingi. Marekani waumini walipata botulizimu, sumu inayopooza misuli mpaka ile ya kupumulia, kutokana na peyote iliyohifadhiwa namna hiyo.

Aliyebaki Afrika Mashariki nina neno lake peke yake, na naomba alichukue kwa uzito. Mimea mirefu ya kijani yenye mbavu na miiba unayoiona Singida, Naivasha au kando ya barabara za Uganda si kaktasi. Ni jamii ya mnyaa. Inafanana na kaktasi kwa macho tu. Njia ya kuitambua ni rahisi: mnyaa na ndugu zake wakikwaruzwa hutoa utomvu mweupe wa maziwa, kaktasi ya San Pedro haina maziwa. Utomvu huo huunguza ngozi, ukimezwa huunguza kinywa na tumbo, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Hauna njozi yoyote ndani yake. Ukikuingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 bila kusugua na uende hospitali. Ile mipungate yenye matunda mekundu iliyovamia malisho ya Laikipia ni kaktasi kweli, imeletwa kutoka Amerika, lakini nayo haitakupa njozi; itakupa miiba. Na mche wa bustanini usioujua jina lake ni mche usioujua, basi.

Kwa anayekwenda Peru, kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa safari huyapitia juu juu. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akishuka kwenye ndege pale atasikia kichwa kikigonga, pumzi fupi na kichefuchefu kabla hajanywa chochote, na kunywa San Pedro siku ya pili ni kuuongezea moyo mzigo ambao tayari umeelemewa. Jipe siku kadhaa za kuzoea, na usipozoea, usinywe. La pili ni mwenyeji. Katika biashara hii ya waganga wa watalii pamekuwepo malalamiko ya wanawake waliodhalilishwa wakiwa hawawezi kusimama. Dada, usiende peke yako. Nenda na mtu atakayebaki bila kunywa, anayekujua kabla ya safari hiyo, na ambaye ana simu, pesa, na namba ya hospitali. Mganga anayemkataza huyo kuwepo amekusaidia kuamua. Aulizwe pia wamefanya nini mara ya mwisho mgeni alipozidiwa. Mwenye uzoefu atasimulia. Asiye nao atakwambia haijawahi kutokea.

Sheria haina huruma na mtalii. Meskalini imo katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wake. Mkataba huo huo uliziachia nchi ambako mimea hiyo huota porini nafasi ya kuvilinda vikundi vidogo vya wenyeji vinavyoitumia katika ibada. Nafasi hiyo haimhusu Mswahili aliyeko likizo. Uholanzi na Uingereza mmea mzima unauzwa kama pambo, lakini huko Uingereza ukikaushwa au kuchemshwa kwa ajili ya kunywa mambo hubadilika. Peru iko wazi zaidi kwa San Pedro. Tatizo ni begi. Ndege nyingi za kurudi nyumbani hupitia Doha au Dubai, na nchi za Ghuba hazitofautishi kumbukumbu ya safari na dawa za kulevya. Usibebe kipande kikavu, unga, chupa, wala mche mdogo kwenye kopo. Hata kaktasi ya pambo inahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuvuka mpaka. Na usikubali kumbebea mtu zawadi ya mganga wake.

Ikiwa ni wewe uliyebaki macho na mwenzako amezidiwa na hofu, mpeleke mahali patulivu penye mwanga hafifu, zima muziki, wapunguze watu wabaki mmoja au wawili. Zungumza kwa sauti ya kawaida, kwa lugha ya nyumbani. Lugha ya mama humfikia mtu pale ambapo Kiingereza kimeshindwa. Mwambie jina lake, yuko wapi, amekunywa nini, na kwamba itakwisha, na umtajie saa. Usibishane na anachokiona. Usimcheke, usimrekodi. Usimfunge kamba wala kumkalia, kwa kuwa kupambana hupandisha joto la mwili na moyo. Usimpe pombe, wala kidonge chako cha usingizi, wala usimlazimishe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu. Anayetapika akinyweshwa kwa nguvu anaweza kupaliwa. Maji kidogo kidogo akiyaomba. Akisinzia huku anatapika, mlaze ubavu.

Kifua kikimbana, mwili ukiwa moto sana, akipata degedege, kichwa kikimuuma kwa ghafla na ukali, akiwa haamki, au akitaka kujiumiza au kumuumiza mtu, usisubiri kuche. Nenda hospitali na useme kweli: mmea gani, kwa namna gani, saa ngapi, na nini kingine alikunywa au kumeza siku hiyo. Mabaki ya kinywaji yapeleke. Daktari anaweza kumtuliza kwa dawa za kundi la diazepamu, lakini akidanganywa atatibu kitu kingine. Hofu ya polisi imewachelewesha wengi. Kazi ya kwanza ya daktari ni kumtibu aliye mbele yake.

Kisha mfuatilie. Siku moja au mbili za uchovu na machozi ni kawaida. Lakini wiki ikipita halali, anasikia sauti, anaamini ametumwa ujumbe au kwamba watu wa nyumbani wanamtega, usikubali familia iseme ni mashetani ya Amerika aliyorudi nayo na kuishia kwa mganga. Mpeleke kliniki ya afya ya akili: Muhimbili au Mirembe kwa aliye Tanzania, Mathari kwa aliye Nairobi, Butabika kwa aliye Kampala. Aende na mtu aliyekuwepo siku ile, akiwa na jina la mmea na majina ya dawa zote yameandikwa kwenye karatasi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuyaeleza.